Mkopo wa Minza na Zizi la Baba Yake

Kosa ninalokusudia kulieleza hapa ni la wazazi kuwaficha watoto wao hali ya kweli ya nyumba, kisha maficho hayo wakayaita heshima. Ni kosa la watu wema. Wabaya hawalitendi mara nyingi, kwa kuwa mtu mbaya hajali watoto wake wanamwonaje. Ninalieleza kwa sababu nimeliona likimpotezea binti mmoja alichokuwa akikitafuta tangu utotoni, na sijapata njia ya kulisahau.

Ninawaandikia ninyi vijana. Baadhi yenu mnasubiri matokeo ya kidato cha sita na mtaomba mkopo wa chuo. Wengine ndio kwanza mmekabidhiwa ofisi ya kata na muhuri wenye wino mbichi. Mimi nilikuwa mtendaji wa kata katika nchi hii yetu ya Simiyu tangu ilipokuwa bado sehemu ya Shinyanga, na nimestaafu kwa hiari kabla ya umri wa lazima, kwa sababu mgongo wangu na pikipiki ya ofisi havikuelewana tena. Kata ya mwisho niliyoitumikia iko upande wa Nkololo. Jina lake nitaliacha, maana wahusika wanaishi na wana majirani.

Kazi ya mtendaji watu huidhani ni kugonga mihuri. Mzee Ngassa, aliyenifundisha kazi nilipokuwa msaidizi wake, alikuwa akinificha muhuri asubuhi nzima ili nijifunze kuongea na watu kwanza. "Karatasi haina haraka," aliniambia. "Mwenye karatasi ndiye mwenye haraka. Msalimie mpaka haraka imtoke, ndipo utajua alichokuja kukuomba." Alikuwa mtu mfupi, mkali, msomaji wa magazeti ya zamani, na kila fomu aliisoma kwa sauti mbele ya aliyeileta, herufi kwa herufi, hata kama mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu. Alisema mtu husikia kosa lake kwa sikio kabla ya kuliona kwa jicho. Nami nikaichukua desturi hiyo, na nikajivuna kwayo kwa miaka mingi.

Msimu wa maombi ya mikopo huja wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imeshavunwa na vumbi la barabara ya Dutwa likiwa limeingia hadi kwenye majalada. Zamani vijana walileta fomu za karatasi, tukazithibitisha, wakazituma kwa basi kwenda Dar es Salaam, na kondakta akageuka kuwa mtu muhimu kuliko mkuu wa wilaya. Baadaye mambo yakahamia kwenye mtandao. Kijana hujaza kwenye simu au katika duka la stesheneri pale Bariadi, hulipia kwa namba ya malipo, huchapisha kurasa za kutiwa saini na mzazi, mdhamini na serikali ya eneo, kisha huzipiga picha na kuzirudisha mtandaoni. Nimewaona wakizipigia picha barazani kwangu, wanne wamezunguka karatasi moja, mmoja akishika kona isipeperuke na mwingine akifukuza kuku.

Hapa niseme la msaada kwenu. Msimwachie kijana wa stesheneri afungue akaunti kwa namba yake ya simu, hata akiwa mkarimu kiasi gani. Neno la siri liwe lenu. Majina katika cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule yafanane mapema, kabla ya msimu, maana ofisi ya vizazi hufurika wakati wenyewe. Na mtie saini ndani ya kisanduku. Nimemwona mzee akiandika jina lake kwa fahari hata likavuka ukurasa, na mwanawe akalia kama aliyefiwa.

Lakini nyumba nzima ikija na fomu, kosa la saini ndilo dogo kuliko yote. Kubwa hukaa kwenye swali la nani ana nini. Mkopo hupewa mhitaji, kwa hiyo kila mtu huja akiwa mhitaji. Mfanyabiashara mmoja wa mazao alikuja kwangu na shati lililochanika mgongoni, amenyong'onyea, akaniambia amefilisika. Nilikuwa nimeanza kumhurumia. Mara akaingia kijana mrefu amevaa shati zuri lililopigwa pasi, akasimama mlangoni.

"Bosi, naomba shati langu," akasema. "Ng'ombe wananikimbia, hawanitambui."

Benchi la barazani lilicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akatoka kuuliza kuna nini. Yule mfanyabiashara hakurudi msimu ule, naye binti yake alisoma kwa fedha ya baba yake, kama ilivyostahili. Visa vya namna hiyo vilitufundisha kumnusa anayeficha mali. Semina tulizopelekwa Bariadi zilizungumzia hao hao. Hakuna aliyetufundisha kumtambua anayeficha ukosefu.

Ndipo akaja Mzee Mabula na nyumba yake.

Mabula alikuwa mfugaji aliyeheshimiwa. Kundi lake lilipovuka barabara kwenda lamboni, pikipiki zilisimama na madereva wakazima injini. Watu walimwita nsabi, yaani tajiri, na katika mikutano ya kijiji kiti cha mbele kiliachwa wazi hata akichelewa. Yeye mwenyewe alikuwa mpole na mwenye maneno machache. Binti yake, Minza, alikuwa wa kwanza katika nyumba ile kufika kidato cha sita, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo kule Morogoro. Ng'ombe alikuwa akiwajua tangu hajaanza shule. Mwalimu wake wa biolojia aliniambia kwamba siku moja Minza alimsahihisha mbele ya darasa kuhusu tumbo la ng'ombe, akaomba radhi, kisha akamsahihisha tena.

Walikuja watatu: baba, mama, na Minza mwenye bahasha ya kaki kifuani. Walikuwa wametoka Bariadi, ambako Minza alijaza ombi huku wazazi wamekaa pembeni yake. Nikawasalimia kwa utaratibu niliofundishwa.

"Mwangaluka, Mzee Mabula."

"Mwangaluka, Mayu," akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Tumekuletea kazi."

"Kazi ndiyo iliyoniweka hapa. Na wewe Mama Minza, hujambo?"

"Sijambo," akajibu mama, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu ambaye hakai sana.

Nikasoma kwa sauti. Jina la mwombaji, shule, namba ya mtihani. Nikafika kwenye maelezo ya hali ya familia, ambayo Minza aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi ya nyongeza, kwa mwandiko mzuri wa kulalia upande. Aliandika kwamba baba yake ni mfugaji, kwamba ana kundi kubwa la ng'ombe wa kienyeji pamoja na madume ya kulimia, na kwamba anaomba mkopo kwa kuwa masomo ya udaktari ni marefu na gharama ni kubwa. Sijaona ombi lililoandikwa kwa unyofu kama lile. Vijana wengine waliandika kwamba wanaishi kwa huruma ya Mungu, nami nawaona wanashuka kwenye gari la baba.

Nikainua macho. "Mzee Mabula, haya ndiyo?"

Alimtazama binti yake, kisha akatazama kofia iliyokuwa magotini pake.

"Aandike anavyojua, Mayu," akasema.

"Mwenye ng'ombe wote hawa anatafuta mkopo wa nini?" nikamtania. "Uza wanne, mtoto aende."

Benchi likacheka. Mabula naye akacheka. Minza akacheka zaidi ya wote, kwa sababu alikuwa anajivunia baba yake. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, nami niliona, nikadhani ni aibu ya kuwa ofisini. Nikamsifu Minza kwa ukweli wake, nikatoa mahubiri mafupi juu ya vijana wanaowadanganya wakopeshaji, nikagonga muhuri.

Aandike anavyojua. Vijana wa ofisi, hilo halikuwa jibu la swali langu. Nilimuuliza kama maneno yale ni ya kweli, naye akanijibu kwamba binti yake anaamini hivyo. Kiswahili hapa kwetu ni lugha ya ofisini. Nyumbani watu huongea Kisukuma, na mtu akizungumza Kiswahili mbele ya serikali huyapima maneno kama anayelipia kila moja. Mabula alipima. Mimi sikupima.

Orodha ya waliopata mikopo ilipotoka, jina la Minza halikuwemo. Alikuja kunieleza bila machozi. Alisema hakuna ubaya, watauza ng'ombe, baba hajawahi kumnyima kitu. Baada ya siku kadhaa nikamwona tena, na safari hii alikuja na baba yake nyuma yake, amemleta kwa suluhu kama mtu anayemleta mdaiwa. Watu walikuwa wamejaa barazani. Nilipaswa kuwaingiza ndani na kufunga mlango, lakini Minza alianza kusema kabla hajakaa.

"Mama Mtendaji, mwambie baba auze ng'ombe. Wiki mbili tu chuo kinafunga usajili."

"Mzee, binti anasema nini?"

"Nimemsikia."

"Basi?"

"Haiwezekani kwa sasa."

"Baba, nne tu," akasema Minza. "Yule dume mwenye mabaka na wengine watatu. Ninazijua, nitachagua zile ambazo hazitakuuma."

"Haziuziki, ng'wanone." Ndivyo tunavyomwita mtoto, mwanangu.

"Zote?"

"Zote."

"Basi sema hapa, mbele ya Mama Mtendaji, kwamba ng'ombe ni bora kuliko mimi."

"Siwezi kusema hivyo," akasema Mabula.

"Kama huwezi kusema, uza."

Akavaa kofia yake na kutoka bila kuaga. Mzee mmoja barazani akamchokoza alipopita: "Mabula, ng'ombe zitakuzika na suti?" Mwingine akaongeza kwamba Msukuma ukimtoa ng'ombe umemtoa pumzi, mwacheni apumue. Walicheka, maana walikuwa marafiki zake. Nami nikamwambia Minza neno ambalo hadi leo likinijia huacha ninachokifanya. Nilimwambia, "Mwanangu, una baba bahili. Si wewe wa kwanza."

Aliondoka akiwa na neno hilo, akakaa nalo nyumbani mwa baba yake.

Mnaoanza kazi hii mjue kwamba mimi ni mzaliwa wa Maswa. Desturi ya mtu mwenye mali kuweka ng'ombe wake kwa mfugaji wa mbali nimeijua tangu nanyonya. Ng'ombe hulishwa huko, aliyewapokea hupata maziwa na samadi, na akiwa mwaminifu kwa miaka hupewa mtamba. Mwenye mali hufanya hivyo ili ugonjwa ukija usimalize wote mahali pamoja. Sababu nyingine haisemwi sana: hufanya hivyo ili ndugu zake na wadai wake wasijue ana kiasi gani. Kwa hiyo aliyepokea ng'ombe hupokea na siri. Jirani akiuliza, ni wake. Mtoto akiuliza, ni wetu. Mtoto ndiye hufichwa zaidi, kwa kuwa ndiye achungaye, na machungani watoto husimuliana kila kitu. Nililijua hilo lote, na nilipomwona mtu mwenye zizi kubwa anayeishi kwenye nyumba ya udongo, ambaye hajawahi kuonekana mnadani akiuza, sikujiuliza swali hata moja.

Siku ya mnada, baraza likiwa limefurika watu wanaosubiri vibali vya kusafirisha mifugo, Mama Minza alikuja peke yake. Nilitoka kumlaki.

"Mwadila, Mama Minza. Karibu ndani."

"Mwadila, Mayu. Hapa panatosha."

"Pana kelele."

"Ninalotaka kusema linataka watu," akasema. "Minza amesoma kwenye simu yake kwamba kuna rufaa. Na kwamba ukiandika barua nyingine, sharti majirani wawili waitie saini."

"Ni kweli. Lakini rufaa inataka kuwe na kitu kilichobadilika."

"Hakuna kilichobadilika. Mliandika uongo."

Watu barazani wakageuka. Aliposema maneno yaliyofuata hakuinua sauti. Alitazama ukuta uliokuwa nyuma yangu, mahali panapobandikwa matangazo.

"Ng'ombe zilizoko zizini kwetu ni za mtu wa Binza, kule Maswa. Mume wangu anazilisha tu. Zetu ni mbili za maziwa na ndama wao. Nyingine tulizokuwa nazo zilikwenda kwenye mahari ya wanangu wakubwa, na zilizobaki zilikufa ule mwaka wa ukame. Minza hajui. Alikuwa mdogo."

Kisha yule yule aliyemtania Mabula kuhusu suti akacheka kwa puani.

"Kumbe miaka yote hii tunampa kiti mchungaji," akasema.

Mama Minza akamgeukia. "Kiti mlimpa Mabula. Kama mlikuwa mnawapa ng'ombe, mngekileta zizini."

Watu walicheka, na safari hii haikuwa kwa Mabula. Yule mzee akajikuna kidevu.

"Mumeo anajua umekuja hapa?" nikamuuliza.

"Atajua kabla sijafika nyumbani. Kwetu habari ina baiskeli." Akavuta kiti, akakaa, mara hii akakaa kabisa. "Andika, Mayu. Andika kabla sijaanza kuogopa."

Niliandika. Nilisoma kwa sauti, naye akanisahihisha mara moja, pale nilipoandika kwamba mume wake aliwadanganya watu. "Hakudanganya mtu," akasema. "Alinyamaza. Andika alinyamaza." Nikafuta, nikaandika hivyo. Aliweka dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Majirani wawili wakatia saini, na mmoja wao alikuwa yule yule mwenye maneno ya suti. Kijana aliyekuja kutafuta kibali cha mbuzi akaipiga picha barua ile kwa simu yake na kumtumia Minza pale pale.

Jioni nilipanda pikipiki kwenda kumwona Mabula. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la ubahili, na nilitaka pia, nikiri, kumkemea. Nilimkuta zizini akichomoa kupe. Hakuacha kazi.

"Ungeniambia mimi tu," nikamwambia. "Ningelifunga jambo hili mezani kwangu."

"Mayu, mtu akikupa ng'ombe zake amekupa na mdomo wake. Ukiufungua, umemrudishia vyote viwili."

"Na mtoto wako?"

"Mtoto nilitaka nimwambie," akasema. "Nilipotaka mara ya kwanza alikuwa darasa la nne. Nikasema atakapomaliza la saba. Alipomaliza akashinda, watu wakaja kutupongeza, wakasema mtoto wa nsabi lazima ashinde. Siku hiyo ningemwambiaje? Kila mwaka alikuwa akinisifu zaidi. Kila mwaka ikawa mbali zaidi."

Sikumkemea. Nilikuwa na hotuba tayari, nimeipanga njiani, yenye methali mbili. Nikarudi nayo.

Mwenye ng'ombe alifika kabla wiki haijaisha. Habari zilikuwa zimefika Binza na wadogo zake walikuwa wameshaanza kuuliza. Alikuja na wanawe na vijana wa kuswaga. Minza ndiye aliyenisimulia, kwa sababu alikuwepo, na ndiye aliyeondoa miti ya mlango wa zizi. Anasema yule mtu hakugomba. Alimsalimia baba yake vizuri, akanywa maji, akasema, "Sikulaumu, Mabula, lakini siwezi kulala," kisha akaanza kuwatoa. Mabula alisimama mlangoni akiwataja kwa majina yao kila mmoja alipopita, kwa rangi na kwa mabaka, kama alivyokuwa akiwaita lamboni, mpaka zizi likabaki na wale wawili na ndama wao. Mtamba wa uaminifu hakupewa. Makubaliano yalikuwa yamevunjika.

Minza alimwuliza, "Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, ng'wanone? Kwamba unanisifia kwa ng'ombe za watu?"

Aliponisimulia hayo alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile alichokalia mama yake. Akaniuliza, "Mama Mtendaji, wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Ungeuliza," akasema, akainuka. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu.

Rufaa ilikubaliwa. Wengi hupenda hadithi iishie hapo, lakini sitawadanganya. Ilikubaliwa wakati chuo kimekwisha funga usajili, na wakopeshaji hawana hatia katika hilo. Walitumia maelezo tuliyowapa, na tuliwapa maelezo mabaya mwanzoni. Mwaka uliofuata Minza alianza upya. Nafasi ya udaktari wa mifugo haikupatikana. Washindani walikuwa wengi na wenye alama za juu zaidi. Alipata ualimu, akapata na mkopo, kwa sababu safari hii karatasi ilisema kilichokuwepo. Leo anafundisha biolojia katika sekondari moja ya mkoa mwingine, na nasikia wanafunzi wake humwogopa na kufaulu. Sidharau ualimu, nimekula chakula kilichonunuliwa kwa mshahara wa mwalimu, kwani baba yangu alikuwa mwalimu. Hata hivyo, ninapopita barabara ya Dutwa na kuona ng'ombe amelala pembeni amevimba tumbo, na watu wamemzunguka wakibishana juu ya dawa, huwa najua ni nani alipaswa kushuka kwenye gari pale. Mkoa huu una ng'ombe kila kona. Ulikuwa na binti aliyewapenda na akili ya kuwatibu, tukamkosesha njia kwa adabu zetu.

Mabula yu hai. Siku hizi mikutanoni hukaa nyuma, karibu na mlango, ingawa kiti cha mbele bado wanamwachia. Nimemwomba asogee, amekataa kwa upole. Minza huja likizo, huleta sukari na sabuni, hukaa na baba yake wakizungumza habari za mvua. Mama yake aliniambia kwamba tangu siku ile hawajawahi kuzungumza habari za ng'ombe, na kabla ya hapo hawakuwa na mazungumzo mengine.

Kwa hiyo ninyi mnaojaza fomu, kabla hamjagusa simu, kaeni na wazazi wenu nyumbani, kwa Kisukuma au kwa lugha yoyote mnayolilia, mwaulize kipi ni chenu na kipi ni cha watu. Waulizeni kwa heshima, lakini msikubali kuambiwa kwamba mtoto haulizi. Ninyi mnaotia mihuri, mwulizeni anayeongea, kisha mgeukieni aliyekaa kimya pembeni yake, mumpe nafasi ile ile, na mlango ufungwe. Nanyi mtakaokuwa wazazi, na mtakuwa upesi kuliko mnavyodhani, mtoto wenu anaweza kubeba umaskini. Nimewaona wengi wakiubeba hadi chuo kikuu na kurudi. Asichoweza kubeba ni mzigo ambao hajui kwamba anao.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe pale ofisini. Walichinja, wakanipa khanga na saa ya ukutani, wakasoma majina ya wote waliosaidia kata yetu kupeleka vijana vyuoni: madiwani, walimu, wafanyabiashara waliochangia madawati. Nilisikiliza mpaka mwisho. Jina moja halikusomwa, la mwanamke ambaye baada ya siku ile ya mnada aliitwa mke mwenye mdomo kisimani na kanisani, na ambaye mume wake alikula chakula chake msimu mzima wa mvua bila kumwambia neno. Kwetu tumezoea kumwita kwa jina la mtoto wake, na hata mimi nimefanya hivyo katika kurasa zote hizi. Chini ya alama ya dole gumba niliandika jina lake mwenyewe, Nyanzobe Kulwa.